Karani Aliyechora Maisha

Mke wa mwanangu alinisimulia haya juzi tukimenya viazi. Ndani ya basi la asubuhi, karani wa mahakama alimkunjulia mama mmoja, fundi cherehani, karatasi aliyokesha akiichora: leo anapeleka barua ya kuacha kazi, mwakani anafuga nyuki, mwaka wa tatu moyo umetulia.

"Mkeo umemchora wapi?"

"Nitamwambia jioni, mama."

"Mwanangu, mimi hata mkono wa blauzi siukati kabla sijampima mwenyewe. Wewe umemkatia mwenzio gauni zima!"

"Atafurahi."

"Nani kasema?"

Karani akafumba macho, eti atafakari kidogo.

"Mahakamani! Nani anashuka?" kondakta akaita.

Fundi akamtazama jirani yake wa kiti, akaacha basi liondoke bila kumwamsha. Karani alikuwa anakoroma.