Kibali cha Dada Kipimo

Ndugu, majirani na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kiume, na ndiye anayeusoma. Binti wa marehemu alimwomba mjomba wake aandike kurasa mbili, ataje tarehe zote, na asilete ubishi. Kurasa ni mbili, na tarehe zimo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa karani wa posta na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jengo la posta. Ukuta mmoja wa nyumba ndio uliokuwa ukuta wa chumba cha vifurushi, na watoto wote watano walikua wakisikia mihuri ikigongwa upande wa pili. Mdogo wake huyu alizaliwa mwaka 1955. Mama alipenda kusimulia kwamba dada mtu aliletwa kumwona mtoto mchanga, akamkagua kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akasema nguo aliyovishwa ni kubwa mno. Tangu siku hiyo mpaka mwezi uliopita hakuacha kumwambia mdogo wake namna ya kuvaa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, na sekondari hadi 1969. Hesabu zake zilikuwa za kawaida tu, ila alikuwa na kipaji cha kumtazama mtu na kutaja kiuno chake kwa inchi. Alipokuwa kidato cha pili alimnong'oneza mwenzake kiuno cha mwalimu mkuu, na maneno yakafika yasikotakiwa kufika. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akachukua futi ya fundi ili kumuumbua mbele ya walimu, akajipima. Ilikuwa thelathini na nane barabara, kama mtoto alivyosema. Adhabu alipewa vilevile, na jina la Kipimo alilipata siku hiyo.

Mwaka 1970 na 1971 alisomea ushonaji katika chuo cha ufundi, kisha akafanya kazi miaka kumi na miwili katika karakana ya sare za shule. Februari 1984 alipata mkataba wa miaka miwili wa kushona na kutunza sare za wafanyakazi wa hoteli, katika nchi hii tulipo leo. Mdogo wake ndiye aliyembebea sanduku hadi uwanja wa ndege, akamwambia miaka miwili si kitu. Miwili ikawa ishirini na saba.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya hoteli, kati ya mashine za dobi na mitambo ya maji moto. Dirisha lilikuwa moja tu, juu, usawa wa barabara, na wapita njia walionekana viatu vyao basi. Kulikuwa na vyerehani vitatu na kulabu mia nne na kumi na mbili, kila kulabu na nambari ya mwenye sare. Wafanyakazi wengi aliwajua kwa nambari kabla ya kuwajua kwa majina. Kulabu ya mia moja na sita ilikuwa ya mpishi wa mikate, mgeni kama yeye, kutoka nchi nyingine kabisa.

Walioana tarehe 5 Desemba 1987. Mpishi yule alionja kila alichooka, na mwili haukosi kujua. Mkewe, kila baada ya miezi sita, alifumua mshono wa koti lake na kuuachia nusu inchi bila kusema neno. Kwa hiyo bwana yule aliishi miaka ishirini na ushee akiwatambia wenzake kwamba hajaongezeka hata ratili moja tangu siku ya harusi, na koti ni shahidi. Walijaliwa binti mmoja mwaka 1989. Shemeji yetu alifariki tarehe 2 Agosti 2008, akazikwa katika makaburi haya haya, safu ya tisa. Mdogo wa marehemu hakuja kwenye mazishi hayo. Alituma salamu za rambirambi na barua ya kurasa tano, na katika zote tano alimwambia dada yake kwamba sasa wakati wa kurudi nyumbani umefika. Aliandika pia kuwa mwacha asili ni mtumwa. Dada yake alijibu kwa mistari mitatu: kwamba salamu zimefika, kwamba mtoto yuko shule, na kwamba asiandikiwe methali wakati amefiwa.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, akiwa na miaka sitini. Hapo ndipo sheria ilipomkumbuka. Kibali chake kilikuwa cha kazi, na kazi ikiisha kibali nacho huisha. Alipewa siku tisini awe amebadili hadhi au amefunga virago. Binti yake alikuwa bado anasomea uuguzi kwa kibali chake cha mwanafunzi, hakuweza kumdhamini mtu. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja, kibali cha mkaazi mstaafu. Masharti yake ni umri, pensheni, bima ya afya, tamko kwamba hutafanya kazi tena, na cheti cha tabia njema kutoka polisi wa nchi uliyozaliwa. Cheti hicho lazima kifuatiliwe na ndugu aliyeko huko. Ndugu huyo alikuwa mdogo wake, karani wa posta kama baba yao, aliyekuwa amestaafu mwaka mmoja kabla baada ya miaka thelathini na minne bila kuchelewesha barua ya mtu.

Sasa mdogo wake anaomba asikilizwe, maana jambo hili hajawahi kulisema. Alikichukua cheti polisi tarehe 1 Agosti, siku kilipotolewa. Alitakiwa akipeleke posta siku hiyo hiyo. Alikipeleka nyumbani, akakiweka kwenye droo ya meza, chini ya risiti za umeme. Alikuwa amemjengea dada yake chumba, chenye dirisha kubwa na mahali pa kuweka cherehani, na rangi ilikuwa imekauka. Siku tisini zikipita bila cheti, alijiambia, dada atarudi, na hakuna atakayelaumiwa.

Kila Jumapili dada alipiga simu kuuliza. Kila Jumapili mdogo wake alijibu kwamba polisi wanashughulikia, awe na subira, haraka haraka haina baraka. Karani wa posta kumwambia mtu maneno hayo ni aibu, na anaisikia mpaka leo.

Jumapili ya tarehe 4 Septemba dada hakuulizia cheti. Alisema ameanza kufungasha, na cherehani amempa jirani wa ghorofa ya pili. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jana nilikwenda kumfagilia shemeji yako kaburi. Nikamwambia huenda sitakuja tena. Nilipomaliza lake, nikafagia na la jirani yake."

Mdogo wake aliaga upesi. Alikaa na simu mkononi, akajiuliza amekuwa mtu wa namna gani. Asubuhi ya Jumatatu, mlango wa posta ulipofunguliwa, yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alilipia rejista na huduma ya haraka, akasimama pale mpaka alipoona bahasha inaingia kwenye mfuko. Ni njiani kurudi alipokumbuka kwamba cheti kina tarehe ya kutolewa, imepigwa muhuri mwekundu juu kabisa, pa kuonekana. Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata kona ya kwanza.

Alisubiri kugombezwa. Dada alipiga simu tarehe 26 Septemba, siku mbili kabla ya siku tisini kwisha, akasema kibali amekipata, cherehani amerudishiwa, na mdogo wake ale vizuri kwa sababu sauti yake imekonda. La tarehe hakuligusa. Hakuligusa mwaka ule, wala mwaka wowote uliofuata, na mdogo mtu akajidanganya kwamba hakuiona. Mtu anayeona nusu inchi ng'ambo ya barabara.

Akawa mkaazi mstaafu kwa miaka kumi na miwili na ushee, na kila baada ya miaka miwili alikwenda kuhuisha kibali akiwa amevaa gauni jipya. Tamko lake la kutofanya kazi alilishika. Alishonea mtaa mzima bila kupokea malipo, na aliyeng'ang'ania kulipa alirudishiwa suruali ikiwa haina pindo. Alimlea mjukuu wa kwanza, kisha wa pili. Mdogo wake alialikwa kila mwaka, na kila mwaka akasema hawezi kukanyaga nchi iliyomla dada yake. Ulikuwa ukaidi tu, na leo anaujutia.

Novemba 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa mara tatu, akiuguzwa na binti yake, ambaye sasa ni muuguzi kamili. Wauguzi wenzake walijipanga kando ya kitanda kutajiwa viuno vyao, na wawili waliomba isemwe kwa sauti ndogo. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nane na robo mchana, akiwa na miaka sabini na mitatu, mkono wake ukiwa katika mkono wa bintiye.

Mdogo wake alifika siku tatu zilizopita, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini. Jana binti wa marehemu alimkalisha jikoni akamweleza habari za siku ya kibali, kwani alikuwepo. Afisa wa uhamiaji alikuwa kijana mpole, na kifungo cha mkono wa koti lake kilining'inia kwa uzi mmoja. Marehemu hakuvumilia. Aliliomba koti, akatoa sindano kwenye mkoba. Afisa akaendelea kusoma fomu mpaka alipofika kwenye swali la saba: je, unatamka kwamba hutafanya kazi yoyote? Marehemu alikata uzi kwa meno, akajibu, "Natamka."

Kisha afisa alishika cheti, akaitazama tarehe. "Mama, hiki kimetolewa tarehe mosi Agosti. Kilikuwa wapi muda wote huo?"

"Kilikuwa kwa mdogo wangu."

"Kuna tatizo katika familia?"

"Hakuna," alisema marehemu. "Ananipenda, basi. Alichelewa kidogo kuniruhusu."

Afisa alivaa koti lake, akagonga muhuri.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, wadogo zake watatu, majirani wa ghorofa zote sita, na wafanyakazi wa zamani wa hoteli, wengi wao wakiwa hapa leo na nguo zinazowakaa sawasawa. Analazwa safu ya tisa, kando ya mumewe.

Ameacha pia mdogo wake huyu, aliyepewa viza ya siku kumi na nne. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; yeye ya tatu amepewa ufagio, na leo asubuhi, kabla hamjafika, amemfagilia shemeji yake. Amepaona mahali penyewe. Anakusudia kwenda uhamiaji Jumatatu, kuuliza kama siku zinaongezwa.

Dada, kaa. Ruhusa imefika.