Sauti Elfu Mbili Zisizo na Majina

Kijiwe chetu hapa Mafiga kina mabenchi mawili na jiko la mkaa la Hafidhi, muuza kahawa, katikati. Ukikaa benchi la ukutani unaiona milima ya Uluguru, kama mawingu yameamua kukupa ruhusa. Ukikaa la pili unaona bodaboda tu. Jumanne ile, baada ya alasiri, mzee Fransisko alikuwa la ukutani, kikombe mkononi, hanywi. Tunamwita Kamusi. Ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka kumi na moja amepanda ile milima na kinasa sauti, akirekodi Kiluguru cha wazee kabla hawajaondoka nacho. Wengi wameshaondoka. Kazi yake yote ilikaa kwenye kompyuta ya ofisi ndogo hapo nyuma ya soko, na anayeitunza kompyuta hiyo ni Evance. Wiki ya pili sasa ilikuwa haifunguki. Evance alikuja akiburuza miguu, begi la laptop begani, akakaa mbali na Kamusi.

— Imefunguka? — aliuliza Injinia. Huyu ni Hatibu, fundi redio. Jina la Injinia alijipa mwenyewe.

— Haijafunguka, kaka. Na haitafunguka.

— Hebu eleza taratibu, kwa mpangilio, — alisema Wakili. Thobias huyu alikuwa karani wa mahakama, na bado anauliza maswali kama mtu anayeandika mwenendo wa kesi.

Evance alipokea kahawa, akaishika kwa mikono miwili.

— Mfumo wa ile kompyuta ulikuwa wa zamani sana. Waliouunda walishaacha kuuhudumia, virusi vinaweza kuingia muda wowote. Nikaupandisha, nikaweka mpya. Sasa ule mpya ukaja na hifadhidata yake mpya, ile programu inayotunza kumbukumbu zote. Toleo la kumi likatolewa, likaingia la kumi na sita. Mafaili ya Mwalimu yote yaliandikwa na la kumi. La kumi na sita likayatazama, likasema haya siwezi kuyasoma.

— Si programu ile ile?

— Ile ile. Ila namna ya kupanga vitu ndani imebadilika. Likagoma kabisa kuwaka.

Injinia akatikisa kichwa kama daktari.

— Hilo ni joto. Diski ikipata joto inasahau. Chomoa, iweke kwenye friji ya soda siku nzima. Mimi nilishaponya redio ya padri kwa njia hiyo.

— Redio haina diski, Injinia.

— Ndiyo maana ilipona haraka.

— Mimi naona hapa kuna suala la kisheria, — alisema Wakili. — Wazee walitoa ridhaa yao mbele ya toleo la kumi. La kumi na sita halina mamlaka ya kuwakataa. Andika barua kwa hao waliolitengeneza, wape siku kumi na nne.

— Watamjibu kwa Kiluguru? — Hafidhi aliuliza, akipepea mkaa. — Mnahangaika bure. Kuna maneno hayakutakiwa kushuka mlimani. Wenyewe wameyarudisha.

Hapo ndipo Kamusi alipofungua mdomo.

— Hafidhi, wale wazee walinichemshia magimbi, wakanisindikiza hadi barabarani, wakaniomba nirudi. Usiwasingizie.

Hafidhi akarudi kupepea mkaa.

Mimi nikamuuliza Evance, kwa kawaida tatizo kama hilo linatibiwaje.

— Hilo ndilo linaloniua. Ni rahisi. Unarudisha toleo la kumi, unaliweka pembeni ya la kumi na sita. La zamani linasoma mafaili yake, linayatoa kama maandishi ya kawaida, jipya linayapokea. Kazi ya mchana mmoja. Nimelijua hilo Jumatano iliyopita.

— Sasa si ufanye.

— Tangu Jumatatu nilikuwa nimeshayafuta mafaili.

Bodaboda ikapita, ikaacha vumbi.

— Nilikuwa nimeahidi ofisi itafunguliwa Jumatatu, — Evance aliendelea. — Lile jipya likawa linaniambia haliwezi kuanza, folda ina vitu vya zamani. Nikaisafisha. Likawaka vizuri kabisa, safi, halina mtu hata mmoja ndani. Sikuogopa, maana nilijua kuna nakala. Kila Jumapili nakala inajitengeneza yenyewe kwenye diski ya akiba. Nikaenda kuangalia. Jumapili zote zipo, miaka minne, tarehe zimepangana. Nikafungua ya mwisho, tupu. Ya kabla yake, tupu. Zote sifuri.

— Hukuwahi kufungua hata moja, kujaribu? — aliuliza Wakili, na safari hii hakuwa anaandika mwenendo wowote.

— Hata moja.

— Na wale mafundi wa Dar uliowapelekea diski waiokoe?

— Wameirudisha jana. Wamepata vipande vipande, havisomeki. Lile jipya lilishaandika juu yake.

— Kwa hiyo sauti zimekwisha, — alisema Injinia.

— Sauti zipo. Zilikaa folda nyingine. Elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Lakini kila moja ina namba tu. Nani anaongea, wa kijiji gani, alisema nini na maana yake nini, hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye hifadhidata.

— Mwalimu si anazijua hizo sauti?

— Nimesikiliza siku nne, — alisema Kamusi. — Nimewatambua thelathini na wanne. Wengine nasikia mtu mzima anakohoa, anacheka, ananiita mwanangu, nami sijui ni nani.

— Na madaftari uliyokuwa unaandikia kule mlimani?

— Yaliliwa na mchwa. Sikusikitika wakati ule. Nilishayaingiza yote kwenye kompyuta.

Evance akaweka kikombe chini.

— Mwalimu, nipige basi. Au nitukane.

— Nikikupiga watarudi?

Kisha akageukia milima, ingawa siku hiyo haikuonekana.

Ndipo akaja mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi, begi la safari mkononi, viatu vimejaa tope jekundu la huko juu.

— Shikamooni wazee. Nimeenda ofisi ya Kiluguru nimekuta imefungwa, nimeelekezwa hapa. Naitwa Winfrida. Namtafuta Mwalimu Fransisko.

— Marahaba, mwanangu. Ni mimi.

Akaeleza amesimama. Alizaliwa Matombo, lakini mama yake aliondoka naye kwenda Tabora akiwa wa kubebwa, na wazazi hawakuzungumza tena. Baba alikuwa anaitwa Yakobo, alifariki miaka mitano iliyopita. Juzi amefika kwao kwa mara ya kwanza, akaonyeshwa kaburi. Picha hakuna. Shangazi akamwambia kuna mwalimu aliwahi kuja kumrekodi.

— Sijawahi kumsikia, — alisema. — Nimekuja kumsikia.

Kamusi alisogea, akampa nafasi kwenye benchi.

— Namkumbuka Yakobo. Nyumba ya mteremkoni, alikuwa anaanika mdalasini juu ya bati. Alinipa kiti, yeye akakaa kwenye gunia. Tuliongea mpaka ikabidi nibadilishe betri.

Uso wa Winfrida ukafunguka. — Alisema nini?

— Alinitajia majina ya ndizi. — Mzee akasita. — Watu wote wa Matombo walinitajia majina ya ndizi.

— Sauti yake ilikuwaje?

Kamusi alitaka kujibu. Nilimwona akitafuta, macho ameyafumba. Hakupata.

Evance akamweleza yule dada kila kitu, tangu toleo la kumi hadi folda, bila kujitetea. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

— Kwa hiyo baba yangu ni namba ngapi?

Wakili alivua miwani. Hafidhi alikuwa na birika mkononi na hakummiminia mtu.

Evance alitoa laptop kwenye begi, akaiweka kwenye magoti ya Winfrida, akampa vifaa vya masikioni. Akaanzia sauti namba moja. Winfrida akainamisha kichwa kusikiliza, na baada ya muda kidogo akasema ni mwanamke.