Mwalimu Mellen Nyamhanga: Kutoka Uwanja wa Kisima Kati hadi Mbele ya Kamera

Na Simeon Omanga, kwa niaba ya walimu wenzake

Baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na minne, Mwalimu Mellen Nyamhanga anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Tunamuaga leo, Alhamisi, hapa Shule ya Kisima Kati mjini Migori. Maelezo haya yameandikwa ili hata mgeni ambaye hakupata kumjua aelewe ni nani anayekatiwa keki.

Alianza kazi Ntimaru, nyumbani kwa mumewe, katika darasa lililokuwa na watoto wengi kuliko madawati. Baadaye alihamishiwa Magunga, upande wa Homa Bay, karibu na mbuga ya Ruma. Huko alifundisha Kiswahili, nao wanafunzi wakamfundisha Kidholuo, wakimcheka kwa furaha kila alipokosea. Alipofika Migori alikabidhiwa kilabu cha maigizo siku ya kwanza, kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekitaka.

Kwa wasiojua, tamasha la maigizo la shule lina desturi zake. Watoto hushindana katika kaunti ndogo, wakishinda huenda ngazi ya kaunti, na wenye bahati hufika taifa. Ukumbi huwa umejaa pomoni, vipaza sauti vimeharibika, na waamuzi wamekaa mbali. Mtoto asiyesikika amekwisha. Kwa hiyo Mwalimu Mellen alibuni njia yake. Mazoezi aliyafanyia uwanjani, kando ya barabara ya Isebania, malori yakinguruma. Mtoto alisimama kwenye goli moja, yeye akasimama kwenye goli la pili. Neno lisipomfikia alipunga kitabu hewani, na mtoto akaanza upya.

Vikombe tulivyopata viko kabatini, mtaviona mkipita ofisini. Hasara ilikuwa moja tu: watoto wa kilabu hicho hawakuweza tena kunong'ona. Mwalimu wa zamu alijua njama zao zote bila kuinuka kitini.

Miongoni mwao alikuwa Emmah Nyatichi, ambaye wakati huo alikuwa Gredi ya Sita. Mama yake, Roseline, anauza ndizi za Kisii katika soko la Migori, na mchana baada ya masomo Emmah humsaidia pale kibandani. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye macho makubwa, na alikuwa na nia moja aliyoitangaza kwa kila mtu, hata kwa mkaguzi wa elimu: kuwa mwigizaji wa filamu, alipwe kwa kazi hiyo, na mama yake amwone kwenye televisheni.

Wengi wetu tulicheka. Mwalimu Mellen hakucheka. Alimwita kando akamuuliza kama anajua kuwa mwigizaji hurudia jambo moja hadi limchoshe. Emmah akajibu, "Madam, si hata wewe umenirudisha golini wiki nzima? Nimechoka?" Tangu siku hiyo mwalimu alianza kuulizia njia.

Njia yenyewe hakuijua, na hakuona aibu kusema hivyo. Alipiga simu kwa wanafunzi wake wa zamani wanaofanya kazi Kisumu na Nairobi. Aligundua mapema kwamba wako matapeli: mtu mmoja hapa mjini alidai ada ya kumwandikisha mtoto na picha za studio za bei kubwa. Mwalimu alimuuliza ni filamu gani amewahi kuifanya, na yule bwana akakumbuka kwamba ana haraka. Wazazi mnaosoma hapa, lishikeni hili: kampuni ya kweli haimtozi mtoto ili imtazame. Picha ya simu iliyopigwa karibu na dirisha, uso ukionekana vizuri, inatosha kuanzia.

Mwaka juzi ikaja nafasi. Kampuni moja ya filamu kutoka Nairobi ilikuwa inatafuta msichana wa kuigiza binti wa familia inayoishi kando ya ziwa, Homa Bay. Anayetaka atume video fupi. Aliyepokea video hizo na kuwachagua waigizaji alikuwa kijana aitwaye Odhiambo.

Shule nzima ilijiandaa. Mwalimu Mellen alimpeleka Emmah uwanjani, akampaka unga kichwani awe na mvi kama ilivyo desturi ya tamasha, akampanga nyuma yake kwaya ya Gredi ya Tano ivume polepole. Emmah aliinama kuwasalimu waamuzi wasiokuwepo, akataja jina la shule na kaunti, kisha akatoa sauti ile ya goli kwa goli. Tulipiga makofi sote. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro.

Odhiambo alipiga simu jioni ileile, na mwalimu akaweka spika ili tusikie sifa.

"Madam, nimeiona video yako," alisema. "Nimepunguza sauti mara mbili, na bado jirani amekuja kuuliza ni nani anapigana."

"Huyo mtoto anasikika," mwalimu akasema kwa fahari.

"Anasikika, Madam, lakini haonekani. Nimeona goli. Nimeona kwaya. Nimeona ng'ombe akipita. Mtoto ni yule mdogo kama njiti ya kiberiti kule katikati?"

"Wewe ulisoma shule gani, kijana?"

"Nilikuwa kwa drama kama wao, Madam. Ndiyo maana nakupigia, wengine sijawapigia. Kamera iko hapa, karibu na pua. Niletee mtoto peke yake, anaongea vile anaongea na mamake nyumbani. Na huo unga muoshe."

Simu ilikatika. Mwalimu Mellen alikunywa chai yake yote. Kisha akasema kwamba kesho yake angeenda sokoni.

Alikaa kibandani kwa Roseline siku kadhaa, kwenye kreti iliyogeuzwa, akimtazama Emmah akiuza ndizi. Alituambia baadaye kwamba pale ndipo alipomwona kwa mara ya kwanza. Mteja akitaja bei ya chini mno, Emmah hakubishana. Aliitazama ndizi, akamtazama mteja kwa huruma kama mtu aliyepata habari mbaya, halafu akanyamaza. Mteja aliongeza mwenyewe. Mambo yote yalikuwa usoni, na kutoka kwenye goli la pili uso hauonekani.

Video ya pili waliirekodi nyumbani kwao, karibu na dirisha. Mwalimu alibuni maneno machache tu: binti anamweleza mama kwamba hataki kupelekwa kwa shangazi. Roseline alipaswa kukaa nyuma ya simu na kusikiliza. Hakuwa amependezwa na mambo haya. Alikubali kwa heshima ya mwalimu. Emmah akaanza kwa sauti ya chini, akisema kwamba huko kwa shangazi hakuna atakayejua kama amekula. Roseline akasahau kila alichoelezwa.

"Nani amekuambia unaenda?" akasema. "Kuja hapa! Nani amekuambia?" Akaingia ndani ya picha, akamshika mtoto mabega.

Mwalimu alitaka waanze upya. Emmah akasema, "Madam, wacha hivyo." Ikatumwa hivyo. Odhiambo alijibu kwamba nafasi ya binti ni yake.

Furaha yetu ilidumu mpaka ratiba ilipokuja. Filamu ingepigwa likizo ya Agosti, Jumatatu hadi Jumamosi. Roseline ni Msabato. Kwa Wasabato siku ya mapumziko huanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi jua linapozama, na katika saa hizo kibanda chake hufungwa hata soko likifurika vipi.

"Mwalimu," alisema Roseline, "Jumamosi siuzi hata ndizi moja. Niuze mtoto?"

Ofisini kila mtu alikuwa na ushauri. Walikuwepo waliosema Mungu ataelewa, na waliosema ni Jumamosi chache tu. Mmoja wetu alimwambia wazi Mwalimu Mellen kwamba yeye mwalimu ni Mkatoliki, Sabato si jambo lake, amshawishi tu yule mama kwa kuwa anamsikiliza. Alikuwa na uwezo huo kweli. Roseline alimheshimu mno, na kama mwalimu angemsukuma kidogo, huenda angekubali huku moyo ukimuuma.

Hakumsukuma. Alituambia kwamba mtoto akianza kazi kwa kumficha mama yake au kumshinda nguvu, kazi hiyo itamkosesha nyumba ya kurudi. Akampigia simu Odhiambo.

"Huyu mtoto Ijumaa jua likishuka amemaliza. Jumamosi hayupo."

"Madam, hiyo haiwezekani. Kuna watu wengi, kuna mashua za kukodi. Siwezi kusimamisha ziwa."

"Sijasema usimamishe ziwa. Nimekuambia siku zake."

"Basi tutatafuta mwingine."

"Mtafute vizuri, baba. Asanteni."

Nafasi ikaenda kwa msichana wa Kisumu. Emmah alilia, kisha akakasirika. Kwa muda mrefu alimpita mwalimu kwenye varanda akiangalia miguu yake. Mwalimu alimsalimia kila siku vilevile, na hakuwahi kumwambia kwamba uamuzi ulikuwa wa mama. Siku Emmah aliposema, "Madam, wewe ndiye uliniharibia," alijibu, "Ndiyo, ni mimi," akaendelea kusahihisha vitabu.

Roseline aliyasikia hayo kwa majirani. Alimketisha binti yake akamweleza ni nani aliyekataa na kwa sababu gani. Kesho yake Emmah alikuja ofisini na kichane cha ndizi, akakiweka mezani, akasimama hapo. Mwalimu aliitazama ndizi, akamtazama yeye kwa huruma, akanyamaza. Emmah akacheka hadi akakaa chini.

Kuelekea Agosti, Odhiambo alipiga tena. Kulikuwa na nafasi ndogo ya rafiki wa yule binti: siku chache tu, zote katikati ya wiki, kule Magunga. Mtoto ataitaka? Emmah aliitaka kabla simu haijawekwa chini.

Mwalimu Mellen na Roseline walipokezana kukaa naye. Kabla ya siku ya kwanza mwalimu alihakikisha vibali vya kumwajiri mtoto vimepatikana, na kwamba mkataba umesomwa kwa Kiswahili mbele ya mama hadi mama akasema ameelewa. Watu wa kampuni walimwona msumbufu. Alitaka kujua mtoto atakula nini, atapumzika wapi na atafika nyumbani saa ngapi. Alibeba vitabu vya Hisabati, kwa sababu aligundua kwamba sehemu kubwa ya kazi ya filamu ni kungoja, na mtoto anayengoja bila shughuli huchoka kabla ya kuitwa. Wazee wa Magunga waliomkumbuka walikuja kumsalimu, na wawili wakaishia kuonekana kwenye filamu wakiwa wamebeba makasia.

Emmah alisema maneno yake yote kwa sauti ambayo mwalimu, akiwa hatua chache tu kando, hakuisikia. Mwalimu aliinua kitabu kwa mazoea, kisha akakishusha. Mpiga picha alikuwa ameitikia kwa kichwa, ameridhika; sauti ilimfikia aliyetakiwa kufikiwa.

Filamu ilipotoka, sehemu ya Emmah ilikuwa fupi. Ukipiga chafya unaikosa. Lakini watu wa kazi hiyo waliiona. Mwaka huu, kampuni nyingine ilipotaka kutengeneza tamthilia ya televisheni huko Homa Bay, Odhiambo ndiye aliyeitwa kuchagua waigizaji, na kabla ya kueleza hadithi yenyewe alimuuliza Mwalimu Mellen, "Huyo wetu anafanya kazi siku gani?" Ratiba ikapangwa kwa kuzifuata siku hizo. Emmah, ambaye sasa yuko Gredi ya Nane, amepewa nafasi kubwa, na mwalimu wa kumfundisha akiwa kazini yumo ndani ya mkataba.

Tangu hapo wazazi wengine wamekuja na watoto wao, kutoka hapa mjini na hata Ntimaru. Si wote watakaofaulu, na Mwalimu Mellen huwaambia hivyo mlangoni. Huanza kwa kumuuliza mtoto kama anataka mwenyewe au baba ndiye anayetaka. Wengine hurudi nyumbani hapohapo, wakiwa wamefarijika.

Mtagundua kwamba Emmah hayupo nasi leo. Aliomba ruhusa aje kutoa shukrani, na waandaaji wa tamthilia walikuwa tayari kumpa. Mwalimu Mellen ndiye aliyekataa. Alimpigia simu akamwambia kwamba watu wengi wanamngoja pale ziwani, na kwamba mwigizaji haachi kazi kwa sababu ya keki. Roseline yuko naye, amefunga kibanda siku ya soko, amekaa pembeni ya kamera na chakula cha mtoto na vitabu vya Hisabati. Tumeambiwa kwamba jana alimsimamisha mwongozaji mzima wa tamthilia akamuuliza kwa nini mtoto hajapumzika, na mwongozaji akaomba radhi. Mwalimu alipoletewa habari hiyo ofisini, alikusanya vitabu vyake mezani, akasema sasa anaweza kwenda.

Nenda basi, Mwalimu Mellen. Sisi tuliofanya nawe kazi Ntimaru, Magunga na Migori tunakushukuru kwa subira yako na kwa ukaidi wako. Shamba likupe mazao, wajukuu wakupe kelele za kukutosha, na simu yako ilie mara kwa mara kwa habari njema. Maisha ya kustaafu yawe mepesi kwako, na yawe marefu.