Mkalimani Niliyeijua Sauti Yake

Ndugu zangu, najua wengi hapa shuhuda zenu huishia kwenye msamaha. Wangu hauishii huko. Nilimwambia mama mchungaji mapema, akasema, "Njoo hivyo hivyo ulivyo." Basi nimekuja.

Nilifika Stockholm kutoka mashariki mwa Kongo, mjane, na binti wa miaka minne. Mume wangu aliuawa mlangoni kwetu. Wale wenye bunduki hawakuvunja mlango. Walikuja na jirani yetu, akaita kwa sauti tuliyoizoea, "Papa, fungua, ni mimi." Mume wangu akafungua. Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, nimemziba mtoto mdomo. Nilisikia yote.

Hapa nikawa sili, silali. Mtu akibisha hodi, najifungia bafuni na mtoto. Daktari akanipeleka kwa mtaalamu wa watu walioumizwa na vita, mama wa Kiswidi, mpole. Tukamsubiri mkalimani. Akaingia mwanamume wa suti, akanisalimia kwa Kiswahili. Nawaambia, niliijua ile sauti ya mlangoni kwetu kabla sijainua uso.

Naye alinijua. Yule mama akauliza swali lake, na yeye badala ya kulitafsiri akaniambia taratibu, huku akitabasamu, "Dada, sema hupati usingizi, basi. Mengine hayana faida hapa. Una mtoto." Halafu akageuka, akazungumza Kiswidi kirefu, na mimi sikuwa nimesema neno. Mama wa watu akaandika.

Sikurudi tena. Wakaandika kwamba nimekataa msaada.

Nikaanza kumwinda. Nilikuwa nafanya usafi madukani Farsta. Nikitoka kazini, napanda metro, treni ya chini ya ardhi, hadi Vällingby, upande wa pili wa mji, nilikosikia anakaa. Nikajua duka analonunulia mkate na siku anazokwenda. Na niwaambie kweli, usingizi ulianza kurudi, maana sasa nilikuwa na kazi ya kufanya. Nikanunua kisu, nikakifunga kwenye taulo, nikakitia mkobani.

Dada mmoja Mkenya niliyefanya naye usafi alikiona siku alipotafuta kalamu humo. Akafunga mlango wa chumba cha mifagio. "Hiki ni cha nani?"

Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza nchi hii kunisikia.

Nilidhani ataniambia nisali. Akasema, "Ukimchoma, atazikwa kama mtu mwema, wewe utaitwa kichaa. Na alichofanya kitazikwa naye. Unataka aumie?"

"Nataka."

"Basi sema. Sema mbele ya watu, yeye akiwa hapo anasikia."

Akakichukua kisu. Wiki hiyo hiyo akaomba ruhusa kazini, akanirudisha kwa yule mtaalamu, akamweleza mwenyewe kwa Kiswidi. Yule mama akaweka kalamu chini, uso umemwiva kwa aibu. "Kosa ni letu," akasema. "Hatukukuuliza kama unamjua." Akanitafutia mkalimani mwingine kwa simu, mwanamke wa Kitanzania aliyeishi mji wa mbali. Nikazungumza, wiki baada ya wiki, mpaka nikaweza kumaliza habari ile bila kukimbilia bafuni. Ndipo tukaenda polisi.

Ilichukua miaka. Wakapatikana mashahidi wengine wawili wa kijiji chetu, nao wakasema. Mahakamani yule jirani alikaa mbele yangu, karibu. Nilieleza kila kitu, hata maneno aliyoniambia siku ile akitabasamu. Mkalimani akayatoa kwa Kiswidi, neno kwa neno, na yeye kwa kuwa anajua lugha zote mbili akayasikia mara mbili. Aliinamisha kichwa. Mimi sikuinamisha. Alipohukumiwa kifungo nilifurahi, na furaha hiyo sijaitubia. Kumwombea sijaweza. Anayeweza, amwombee.

Namshukuru dada yangu yule, ameketi hapo nyuma, hataki nimtaje. Namshukuru mtaalamu aliyekubali kosa lake, na yule wa kwenye simu ambaye hakuongeza wala kupunguza.

Ninyi mnaowasindikiza wageni hospitalini, muulizeni mtu kwanza, akiwa peke yake, kama anamwamini anayemsemea. Akinyamaza, msiandike kwamba amekataa. Na wewe uliyeketi hapa na hasira yako, sikuambii uitupe. Iseme yote, mbele ya watu watakaoiandika, na aliyekukosea awepo asikie.