Mtu wa Picha ya Bata

Benchi letu limeegemea kibanda changu cha kutengeneza simu, mkabala na geti la nyuma la hospitali, kwa hiyo habari za wanaokaa hapo nazijua hata nisipotaka. Asubuhi ile Kengele alifika mapema, uso umemshuka. Yeye ndiye mtunza kompyuta za hospitali. Jina tulimpa sisi, kwa sababu simu yake hulia kila friji ya damu ikianza kupata joto. Inayoiliza ni programu ya bure, ya chanzo huria, yaani yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoandikwa ndani. Kengele ndiye aliyewashawishi wakubwa waikubali. Sasa mtu anayeitengeneza, ambaye hatumjui jina wala nchi, tunaijua tu picha yake ya bata, alikuwa ameandika mstari mmoja: naacha. Saa nne Kengele alitakiwa kikaoni akaeleze damu italindwa na nani.

Shemeji, mtunza kompyuta wa kampuni ya maji, akajimiminia kahawa na kusema yeye programu ile aliishuku zamani. Kwake iliwahi kuijaza mashine kumbukumbu za kila ilichofanya mpaka mashine ikazima.

— Umeweka mlinzi, mlinzi ndiye kakuzimia taa, alisema.

— Kwangu imeokoa damu mara tatu.

— Na imekusumbua bure mara ngapi?

— Hizo sihesabu, akasema Kengele.

Mzee Muhuri, karani mstaafu asiyeamini karatasi isiyogongwa muhuri, aliweka kikombe chini.

— Mtu akupe kitu bure miaka minne, halafu aondoke ghafla? Huyo kuna kitu alikuwa anachukua.

— Achukue nini, mzee wangu? Joto la friji? akauliza Kengele.

— Hilohilo. Anayejua joto la friji anajua mna damu kiasi gani. Anayejua damu anajua mna wagonjwa wangapi.

— Akishajua?

— Hapo sasa muulize yeye, usiniulize mimi.

Shemeji alikuwa na lake: bata kanunuliwa na wale wanaouza programu za kulipia, na wiki ijayo tutamwona kavaa tai. Mzee akakataa. Kwake bata hakuwa mtu mmoja, maana mtu mmoja hawezi kujibu Jumapili na sikukuu. Lile lilikuwa jengo zima la watu wanaopokezana zamu. Nami, nakiri, nikachochea kwamba huenda kaacha makusudi ili aone nani atababaika. Tuliyanogesha kwelikweli. Kengele peke yake hakucheka.

— Nikiitoa, nani ataniambia friji imezima? Nikiiacha, siku ikiharibika nani ataitengeneza?

Pembeni ya benchi alikuwa amekaa mama mmoja fundi cherehani, mara yake ya kwanza kufika kwetu, akisubiri nimbadilishie kioo cha simu. Akamgeukia Kengele.

— Samahani, wanangu. Huyo mtu mlikuwa mnaandikiana?

— Sana, mama. Ikiharibika namwandikia, anatengeneza. Hajawahi kupitisha siku mbili.

— Mlikuwa mnamwambia nini?

Kengele alifungua simu amsomee, nasi tukainama kuangalia. Miaka minne yote ilikuwa pale. Haifanyi kazi. Bado haifanyi kazi. Upo? Tunasubiri. Chini ya kila moja bata alikuwa ameeleza taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu anayemfundisha mdogo wake. Shemeji akatoa simu yake mwenyewe, akaperuzi kidogo aliyomwandikia bata, akairudisha mfukoni.

Kengele aliendelea kusoma mpaka akafika kwenye ujumbe wa mwaka juzi, akapunguza sauti.

— "Nimeshairekebisha. Nilikuwa na wasiwasi sana. Damu ilisalimika?"

— Na wewe ukamjibu nini? mama akauliza.

Kengele alishusha kidole. Niliuona ujumbe uliofuata kupitia begani kwake, umeandikwa miezi mitano baadaye, wa kwake mwenyewe: Haifanyi kazi tena. Huo hakuusoma kwa sauti. Alirudi juu, akashuka, akarudi juu tena, akitafuta mahali alipomjibu. Mzee Muhuri alikuwa anaangalia geti. Mama alikuwa bado anamtazama Kengele, anasubiri jibu.