Kumbe Si Wangu

Ndani ya basi, fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alimgeukia bibi asiyemjua. "Jana niliambiwa mwanangu kaanguka ngazini shuleni. Nikakimbia peku. Kufika, kumbe si wangu, ni wa jirani. Bibi, nilicheka kwa furaha, na mama yake kasimama palepale!"

"Mtoto mzima?"

"Kavunjika mkono tu, Mungu mkubwa."

Abiria tuliojifanya tumelala tukashusha pumzi.

"Hata mimi ningecheka," bibi akasema.

"Kwa hiyo si vibaya?"

"Ni vibaya, mwanangu."

"Basi naenda kumwomba radhi."

"Usimkumbushe! Kaa naye tu."

"Lakini aliniona."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Fundi akashuka, bibi akamwitia dirishani: "Akikununia, mvumilie. Wako yuko nyumbani anacheza."