Vitanda vya Esibaneni: Maisha ya Shem Ogeto Ombati

Leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa nne na robo asubuhi, hapa kanisani Greyville, jijini Durban, anga ni jeupe bila wingu, jua la majira ya baridi linaangaza bila kuchoma, na upepo uliotusumbua tangu juzi umetulia. Familia inawasomea ninyi mliokuja kutufariji habari za maisha ya marehemu Shem Ogeto Ombati, kwa mfuatano ambao yeye mwenyewe angeutaka, kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kusimulia hata safari ya sokoni bila kuanza na saa aliyotoka nyumbani.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 7 Machi 1961, Nyamira, nchini Kenya, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Ombati na mama Kwamboka, ambao wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1980, kisha akajiunga na chuo kikuu jijini Nairobi, ambako alihitimu shahada ya historia mwaka 1985. Kuanzia 1986 hadi 1997 alikuwa karani, na baadaye msimamizi, katika ofisi ya kumbukumbu ya idara moja ya serikali, kazi ambayo mama yake aliieleza kwa majirani kwa kusema kwamba mwanawe amesomeshwa miaka kumi na saba ili akafute vumbi.

Aliwasili Durban, Afrika Kusini, Jumatatu tarehe 2 Februari 1998, akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, akasomea uhifadhi wa nyaraka na kupata shahada ya uzamili mwaka 2000. Desemba ya mwaka huohuo kilifungwa Chuo cha Walimu cha Esibaneni, kilichokuwa kimewafunza walimu Waafrika tangu 1923, wakati ambapo milango mingine mingi ilikuwa imefungwa kwao, na marehemu akaajiriwa na umoja wa wahitimu kuokoa makaratasi yake, katika chumba kimoja walichoazimwa na kanisa kule Morningside.

Jumanne tarehe 21 Agosti 2001 alikwenda kuyachukua, akiwa amekodi pikapu ya kijana wa Burundi aitwaye Fabien Bizimana, ambaye leo yuko hapa kama shemeji wa marehemu. Katika vitu vilivyopatikana palikuwa na picha moja kubwa ya mwaka 1961, mwaka uleule aliozaliwa marehemu, ikionyesha wanafunzi wasichana 218 wamejipanga mbele ya kanisa la chuo, na kabati la mbao lenye droo sita za kadi zao, kadi 218, kila moja na jina, kijiji na jina la mzazi, bila picha wala namba. Kutoka chuo chote zilikuwa zimebaki daftari za matumizi na barua za wakaguzi, lakini hapo tu ndipo wanafunzi wenyewe walipobaki, sura upande mmoja na majina upande mwingine, na kazi ilikuwa kuzikutanisha.

Njiani, kwenye robot, yaani taa za barabarani, pikapu ilisimama ghafla, droo moja ikateleza na kadi thelathini na sita zikatawanyika barabarani. Marehemu alishuka akaziokota moja moja huku magari yakimpigia honi, na Fabien akamwambia kupitia dirishani, "Mwalimu, iko karatasi tu, taa imekuwa kijani." Fabien anashikilia hadi leo kwamba kosa lilikuwa la robot, na marehemu hakuwahi kumbishia, kwa sababu kosa aliloliona kuwa kubwa zaidi lilikuwa lake mwenyewe, nalo lilifuata siku mbili baadaye.

Kanuni ya kwanza ya taaluma yake ni kwamba makaratasi huachwa katika mpangilio alioyaacha nao aliyekuwa akiyatunza. Lakini alipozifungua droo tano zilizosalia aliona majina hayafuati herufi wala tarehe wala vijiji, akaamini kwamba nazo zilikuwa zimekwisha kuvurugika kama ile iliyomwagika, na alasiri ya Alhamisi tarehe 23 Agosti 2001, kati ya saa nane na saa kumi na moja, alizipanga kadi zote 218 kwa herufi, akaridhika, akafunga chumba, akaenda nyumbani.

Ni Fabien huyohuyo aliyemkaribisha katika ibada ya Kiswahili hapa Greyville, ambako alikutana na dada yake, Libérate Akimana, mshonaji wa nguo kutoka Bujumbura. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 2002, wakajaliwa watoto wawili, Melvin, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 2003, na Abby, aliyezaliwa tarehe 17 Mei 2007. Waliishi kwenye fleti karibu na uwanja wa mbio za farasi hadi mwaka 2009, walipohamia Queensburgh. Alikuwa mume mpole, baba wa kusahihisha barua za shule kabla ya kuzitia sahihi, na mtu aliyeandika tarehe nyuma ya kila picha ya wanawe, kwa penseli, hata zile zilizotoka na ukungu.

Jumatatu tarehe 16 Februari 2004 alifika Morningside Mama Constance Ngubane, mwalimu mstaafu aliyekuwa Esibaneni mwaka ule wa 1961, akaomba aione kadi yake. Alifungua droo ya kwanza, akapekua kidogo, akauliza, "Aliyezipanga hivi ni nani?" Marehemu alijibu kwa fahari kwamba ni yeye. Mama Constance akakaa chini, akamweleza kwamba matroni alizipanga kadi kwa mfuatano wa vitanda bwenini, kwamba kwa mfuatano huo walikwenda kula na kusali, na kwa mfuatano huo matroni aliwapanga siku ya picha, mstari kwa mstari. "Tulikuwa tumelala vizuri, mwanangu," alisema, "wewe umetuamsha wote na kutuchanganya."

Marehemu alifanya hesabu usiku huo na kila usiku uliofuata kwa muda mrefu. Kadi zilizomwagika ni thelathini na sita. Nyingine 182 zilifika salama, na kama mkono wake usingezigusa, sura 182 zingepata majina yao kwa alasiri moja. Hakulificha jambo hilo. Katika ukurasa wa kwanza wa orodha ya nyaraka, mahali ambapo kila mtafiti lazima aanzie, aliandika: "Mpangilio wa asili uliharibiwa na S. O. Ombati, Alhamisi, 23 Agosti 2001."

Tangu hapo Jumamosi zake hazikuwa zake tena. Alipanda taxi kwenda Umlazi, KwaMashu na Pietermaritzburg, na mabasi kwenda vijiji ambavyo wengi wetu hatuvijui, akiwa na nakala ya picha ndani ya bomba la kadibodi, akawauliza akina mama na akina bibi kila sura ni ya nani, na hakuandika jina mpaka watu wawili wasiojuana walitaje. Wengine walimcheka, mmoja alimwambia kwamba kama amekuja kumchumbia, amechelewa miaka hamsini, wengi walilia walipojiona. Kufikia mwisho wa 2004 alikuwa na majina 31, kufikia 2012 alikuwa na 140, na kufikia 2019 alikuwa na 197. Kati ya Machi 2020 na Desemba 2021 walifariki akina mama tisa aliokuwa amepanga kuwatembelea, na katika daftari lake kila mmoja ana tarehe mbili, ile ya miadi na ile ya mazishi.

Mnamo Novemba 2024 alianza kulalamikia maumivu ya tumbo, na tarehe 3 Desemba akagundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea kufanya kazi hadi Machi. Alipolazwa mara ya mwisho, mwezi wa Mei, zilikuwa zimebaki sura mbili, wasichana waliosimama bega kwa bega katika mstari wa nne, mmoja amegeuza kichwa, na zilikuwa zimebaki kadi mbili, ya Zibuyile Cele na ya Bajabulile Gumede, na hapakuwa na mtu aliye hai aliyeweza kusema yupi ni yupi. Fabien, kwa huruma, alimwinamia kitandani akamwambia, "Shemeji, andika tu, iko wawili peke yao, ukikosea nani atajua?" Marehemu akasema, "Watajua wao." Alifariki Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa tano na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka 64, miezi miwili na siku 29, mkewe akiwa amemshika mkono. Aliomba azikwe hapa Durban, na wazee wa ukoo kule Nyamira walikubali kwa shingo upande, nao tunawashukuru.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Queensburgh waliotupikia siku zote tisa, washarika wa kanisa hili, ndugu zetu Wakenya na Warundi, wenzake wa Morningside, na kwa namna ya pekee Mama Constance na wahitimu kumi wa Esibaneni walioketi benchi la mbele, ambao asubuhi hii, bila kuambiwa na mtu, waliingia kanisani kwa mfuatano wa vitanda vyao.

Picha ipo kando ya jeneza. Mtakapopita kumuaga, itazameni kwa makini mstari wa nne, na mwenye kujua lolote amwambie Libérate, ambaye penseli anayo yeye sasa, na ambaye ameahidi kutokisia. Lala kwa utulivu, Shem wetu, umetuachia majina mia mbili na kumi na nane, sura mia mbili na kumi na nane, na yaliyokutana ni mia mbili na kumi na sita.